Maziwa Yasiyokuwamo Sufuriani

Mwalimu Aron arap Rugut alikuwa mwana wa Kiprugut arap Sang. Kiprugut alikuwa mwana wa Kipsang arap Koros. Na Kipsang alikuwa mwana wa Kipkoros, aliyepanda na ng'ombe wake hadi mgongo wa kilima kile kilicho juu ya Litein wakati mahali hapo palikuwa msitu mtupu. Kipkoros hakuwahi kushitakiwa na jirani. Kipsang aliitwa kuamua kesi za mifugo hata na watu wa koo nyingine, na uamuzi wake haukurudiwa. Kiprugut alikuwa miongoni mwa wenyeji wa kwanza wa kilima hicho kupanda majani chai yao wenyewe, na alitoa kipande cha shamba lake pajengwe kanisa, na kingine pajengwe shule. Katika watu hao wote hakuna aliyelewa hadharani, hakuna aliyeuza ardhi, na hakuna aliyewahi kuonekana ndani ya jiko.

Aron mwenyewe aliongoza shule ile kwa muda mrefu kiasi kwamba, hata baada ya kustaafu, hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina jingine ila Mwalimu. Mkewe Rodah naye alimwita Mwalimu. Katika miaka yake ya kazi alipiga vita mambo yote aliyoyaita mambo ya giza, na kubwa kati ya hayo lilikuwa mwiko wa wazee wa Kipsigis kwamba nyama na maziwa havikutani. Wazee walisema anayevichanganya atamkausha ng'ombe wake. Siku moja wavulana, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Kiplangat, walikataa maziwa ya shule kwa kuwa walikuwa wametoka kula mbuzi. Mwalimu aliwasimamisha mbele ya mlingoti wa bendera mpaka wote wakanywa. Aliwaambia kwamba ng'ombe hajui ulichokula, na maneno hayo yalirudiwa katika tarafa nzima.

Jambo ambalo tarafa haikulijua ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwahi kunywa maziwa katika kikao alichokula nyama. Nyumbani kwake nyama ililiwa, sahani zikaondolewa, mikono ikanawishwa, naye akatembea hadi langoni na kurudi. Ndipo maziwa yalipoletwa. Kutembea huko alikuita mazoezi ya tumbo. Chai hakuihesabu kuwa maziwa, hata ikiwa nyeupe namna gani. Chai ilikuwa chai. Rodah ndiye aliyepanga utaratibu huo wa meza kwa miaka yote ya ndoa yao. Hakuwahi kuuliza sababu, naye Mwalimu hakuwahi kuitaja, na kwa hiyo hapakuwa na ugomvi.

Mnamo mwaka wa tisini na sita mjukuu wao Chepkurui alileta habari za kijana. Chepkurui alikuwa binti wa mwana wao Kiplimo, askari aliyekuwa akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na kwa sababu hiyo msichana alilelewa na babu na bibi yake. Alikuwa amemaliza masomo ya upishi katika chuo kimoja cha Nakuru na kupata kazi kwenye hoteli mjini Kericho. Kijana aliitwa Calvince. Alikuwa karani, mpole, mwenye kupiga pasi shati lake mwenyewe. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, lakini walikuwa wameishi Kericho tangu ujana wao: baba yake, Owino, alikuwa msimamizi katika kiwanda cha majani chai, na mama yake, Jerusa, aliuza vitambaa sokoni.

Owino hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Jerusa. Miaka minne kabla ya hapo, wakati watu wa pande hizi walipoacha kutembeleana kwa sababu ya kabila, jirani yao wa siku nyingi aliwaletea birika la chai, akalitua mezani, akasimama mlangoni wala hakuketi kunywa nao. Kesho yake jirani huyo hakuwafahamu tena. Walihama nyumba ile na watoto usiku huohuo, wakiwa na godoro moja. Tangu wakati huo Jerusa alikuwa na kipimo kimoja tu, na Calvince alimweleza Chepkurui waziwazi: mama angekuja kilimani mara moja, angekula, na angetazama kama mwenye nyumba anakula naye chakula kilekile. Mwenyeji asipokula, Jerusa hangerudi mara ya pili, na pasipo mara ya pili hapakuwa na harusi.

Chepkurui aliyapeleka maneno hayo kwa babu yake bila kuyapunguza. Mwalimu aliyasikiliza akiwa ameketi wima.

"Mwambie," alisema, "kwamba katika nyumba hii mgeni hajawahi kula peke yake tangu siku za Kipkoros."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na pale lingekwisha, kama Chepkurui hangeeleza atakachopika. Alisema kwamba chuoni walifundishwa kutohangaika na vyakula vingi wageni wanapokuja. Mpishi huchagua chakula kimoja kisicho na taabu, kinachoiva chenyewe huku yeye akibadilisha nguo, lakini ambacho kikifunuliwa mezani kila mtu hunyamaza. Yeye alikuwa amechagua kuku. Angewakata vipande, awakaange kwa vitunguu mpaka wapate rangi, kisha awamwagie malai mazito ya maziwa ya asubuhi na kuwaacha juu ya moto mdogo. Angeongeza limau kidogo na dania. Hapangekuwa na zaidi.

"Malai," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Kugo," alijibu Chepkurui, kwa jina ambalo Wakipsigis humwita babu. "Kikombe kimoja tu. Ya Lelgut yanatosha."

Lelgut alikuwa ng'ombe mwenye mdomo mweupe, aliyezaa mwezi uliopita, na ambaye hata bwana mifugo alisimama kumtazama. Mwalimu alisema kwamba malai yana faida nyingi. Alisema pia kwamba maji ni kitu kilichodharauliwa mno katika upishi, na kwamba yeye binafsi alikuwa amekula kuku wa maji katika mikutano mingi ya walimu wakuu bila kusikia malalamiko. Siku iliyofuata alimweleza Chepkurui kwamba malai huwalalia kifuani watu waliozoea hewa ya ziwa. Siku iliyofuata hiyo alisema kwamba ndama ana haki zake. Lakini neno lenyewe hakulisema, kwa sababu lilikuwa neno ambalo kwa ajili yake wavulana walisimamishwa mbele ya bendera.

Chepkurui alikwenda kwa bibi yake, ambaye alimwita Kogo, akamuuliza Mwalimu ana nini. Rodah alikuwa akichambua mboga. Akamweleza kwa maneno machache, bila kuinua macho, habari za kikao na sahani na kutembea hadi langoni.

"Lakini Kugo ndiye aliyefundisha watu kuwa huo ni ujinga," alisema Chepkurui.

"Alifundisha vizuri sana," alisema Rodah. "Usiweke malai."

Basi Chepkurui alikwenda Sotik siku ya soko, kwa mama mmoja wa upande wa Kisii aliyeitwa Mama Kebaso, ambaye alisaga njugu karanga zilizokaangwa na kuziuza zikiwa uji mzito. Alinunua kiasi cha kujaza kopo tupu la siagi. Njugu zilizosagwa, zikizimuliwa kwa maji ya moto na kuachwa kwenye moto mdogo, hufanya mchuzi mzito na laini usiopungukiwa na kitu kwa kukosa maziwa, na kazi yake ni ileile ya kukoroga pole pole ili usishike chini.

Hakuna aliyemwambia Mwalimu. Ili kumwambia kwamba malai yameachwa kwa ajili yake, ingebidi kwanza kumwambia kwamba inajulikana anaogopa malai. Na katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kusema hivyo. Rodah alidhani kimya kitatosha. Chepkurui alidhani babu akionja atajua.

Siku ya wageni ilipofika, Mwalimu alikuwa na kazi nyingi upande wa jikoni. Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya mabati nyuma ya nyumba kubwa, na mfereji wake wa maji ya mvua ulikuwa mzima. Hata hivyo aliukagua. Akarudi akaukagua tena. Katika ukaguzi wa mwisho mlango ulikuwa wazi, naye aliona, bila kutia mguu ndani, sufuria kubwa ikichemka pole pole. Ndani yake vipande vya kuku vilikuwa vimezama katika mchuzi mzito mweupe uliokolea kidogo, kama chai iliyopewa maziwa kwa ukarimu. Kando ya sufuria kulikuwa na jagi la malai, ambalo Rodah alikuwa amelitoa ili baadaye atengeneze samli. Mwalimu alirudi kwenye nyumba kubwa na kuketi chini ya picha ya baba yake.

Alifikiri kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na wamishonari. Aliangalia kwanza kama kuku ni nyama. Wazee walipoweka mwiko ule walikuwa wakizungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanyama wenye kiwele. Kuku hana kiwele. Mtoto wa kuku hanyonyi. Kwa hiyo sheria ya wanyonyeshao haikumhusu. Hoja hiyo ilimpendeza mpaka alipokumbuka kwamba mmoja wa wale wavulana, Kiplangat mwenyewe, alijaribu kuitoa kinyumenyume pale mlingotini, akisema kwamba lau angekula kuku, asiye na kiwele, angekunywa, naye Mwalimu akaikataa kuwa ni ujanja. Mwalimu hakuwa mtu wa kubadili hukumu kwa sababu mshitakiwa amekuwa yeye.

Wageni walifika mvua ya alasiri ilipokwisha, kwa gari la mfanyakazi mwenzake Owino, viatu vikiwa na matope mekundu. Owino alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mitambo. Jerusa alikuwa mwembamba, na macho yake yalikwisha kuzunguka chumba kabla hajaketi. Calvince alivaa tai. Alimsalimu Mwalimu kwa mikono miwili na baada ya hapo hakusema tena lolote la maana. Chai ililetwa, Mwalimu alikunywa kwanza, Jerusa akamwona akinywa, naye akanywa. Mazungumzo yalihusu bei ya majani, barabara ya Sotik, na aina za mahindi zisizofaa kwa baridi. Owino alimtania Mwalimu kwamba watu wa kilimani wana miguu mirefu kwa sababu ya kukimbia mifugo yao wenyewe. Mwalimu alijibu kwamba ni kweli, na kwamba wao wa ziwani hawakuhitaji miguu kwa kuwa samaki hawatoroki mbali. Owino alicheka. Jerusa hakucheka.

Kisha Chepkurui na Rodah wakaleta chakula: ugali wa wimbi, wali wenye njegere na karoti, mboga za sagaa, na katikati bakuli kubwa lililofunikwa. Chepkurui alipolifunua, kila mtu alinyamaza, kama walivyoahidi chuoni. Kuku walilala katika mchuzi wao unaong'aa, dania imenyunyizwa juu, na mvuke ulipanda mpaka kwenye picha ya Kiprugut arap Sang.

Mwalimu alisimama kuomba. Aliwaombea wageni na safari yao. Aliwaombea watawala, wauguzi, na wote wanaosafiri kwa barabara ambazo hazijawekwa lami. Aliomba mvua isizidi wala isipungue. Aliombea mifugo kwa jumla, kisha ng'ombe wa maziwa, kisha, kati ya ng'ombe wa maziwa, wale waliozaa karibuni. Wali ulianza kupoa. Rodah alikohoa, na Mwalimu akasema amina.

Wageni walipakuliwa. Owino alichukua paja, Jerusa akachukua kipande cha kifua. Hakuna aliyekula. Jerusa aliweka mikono yake mapajani na kumtazama mwenye nyumba, wala hakujisumbua kuficha kwamba anatazama.

"Mwalimu," alisema Owino kwa upole, "sisi tunangoja wewe."

Chepkurui alikuwa amesimama kando ya kabati na bakuli la maji ya kunawa. Akamsogezea babu yake. Mwalimu alimtazama. Alinawa, akamega ugali, akaufinyanga, akauchovya katika mchuzi ukatoka umefunikwa wote, akautia kinywani na kutafuna. Kisha akala nyama. Alitafuta ladha ya malai, na kwa kuwa alikuwa na hakika yamo, aliipata. Alikula kipande chake mpaka mfupa, akachukua kingine bila kuombwa, kwa maana alikuwa mtu asiyefanya jambo nusu.

Jerusa alionja. Akaacha kutafuna kidogo, akamtazama Chepkurui, kisha akaendelea kula, na safari hii alikula kama mtu mwenye njaa.

Walipokwisha kushiba, Mwalimu alisimama tena, kwa sababu mwenye nyumba husema neno. Alianza kwa Kipkoros. Akapitia Kipsang na kesi zake, akafika kwa Kiprugut na shule, kisha akashika ukingo wa meza.

"Wazee hawa niliowataja," alisema, "hawakuweka nyama na maziwa pamoja, hata siku ya njaa. Nimewaambia watu wengi kwamba jambo hilo halina maana. Kuwaambia watu ni kazi rahisi. Leo mjukuu wangu amewapikia kuku kwa malai ya ng'ombe wangu, nanyi mmeniona nikila. Nimekula mara mbili. Kama ng'ombe huyo atakauka, atakauka kwa ajili yenu, nami sitawadai. Karibuni."

Akaketi. Calvince alimtazama Chepkurui, naye Chepkurui alitazama sakafu. Rodah alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mwalimu," alisema Jerusa, "malai gani?"

"Ya Lelgut. Yaliyomo katika kuku."

"Hii ni njugu," alisema Jerusa. "Hata kabla sijaketi nilisikia harufu. Mama yangu alipika hivi hivi, tofauti ni yeye hakuweka limau."

Mwalimu alimgeukia mjukuu wake. Chepkurui alisema, kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani wa mdomo, kwamba sufuria haikuwa na maziwa hata tone. Mwalimu alifikiri. Alisema, "Kumbe," na baada ya hapo akaomba aongezewe wali.

Owino ndiye aliyeanza kucheka, akainamia meza. Jerusa alijizuia kwa muda, kisha akashindwa. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka, naye akafuta nacho macho yake, na hapakuwa na aliyejua kwa hakika kwamba machozi yale yote yalikuwa ya kicheko.

"Owino," alisema alipoweza kusema, "huyu mzee alikuwa anaua ng'ombe yake juu yetu, na ng'ombe hata haikuwa ndani ya chakula."

Mwalimu alisema kwamba nia ilikuwepo.

"Nia nimeiona," alisema Jerusa. "Sasa nipatie ile maziwa yenu ya kibuyu. Nimekaa Kericho hii mpaka watoto wamekuwa wakubwa, na mursik hakuna mtu amewahi kunikaribisha. Nikunywe na wewe hapa hapa."

Rodah alitua sahani. Alimtazama mumewe, kisha mlango, ambako njia ya kwenda langoni ilionekana, imelowa na haina mtu. Nyama ilikuwa ingali mezani. Mifupa ilikuwa mbele ya Mwalimu. Hapo hapakuwa na njugu wala hoja ya kiwele.

"Mama Kiplimo," alisema Mwalimu, "lete kibuyu."

Rodah alikileta, akakitikisa, akamimina vikombe viwili vya maziwa mazito yenye rangi ya majivu, yaliyotiwa makaa ya mti kama desturi ilivyotaka. Jerusa alikishika kikombe chake na kungoja. Mwalimu alikunywa kwanza, wala hakuweka kikombe chini mpaka kilipokwisha. Jerusa akanywa, akakunja uso, akasema kwamba inaonja moshi, akaomba kingine. Walipoondoka, jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya chai, na Jerusa, akiwa mguu mmoja ndani ya gari, alimwambia Rodah kwamba watakaporudi kuzungumza mambo ya watoto ataleta samaki, na kwamba angependa kumwona Mwalimu na samaki. Rodah alisema yeye pia angependa.

Kesho yake, kabla mkamaji hajafika, Mwalimu alikuwa zizini akiwa na koti lake la kanisani. Alisema amekuja kukagua paa. Lelgut alikamwa, na maziwa yalijaa ndoo kama kawaida yake, povu likafika ukingoni. Mwalimu aliitazama ndoo, akamtazama ng'ombe, akaamuru aongezewe majani. Tangu siku hiyo aliendelea kutembea hadi langoni baada ya nyama, ila alipokuja Jerusa. Jerusa alipokuja, Mwalimu aliketi.

Chepkurui aliolewa na Calvince mwaka uliofuata, na kuku huyo wa njugu amepikwa katika kila mkutano wa koo hizo mbili tangu wakati huo. Nanyi wajukuu wa koo hizo mnaopikiwa kuku huyo, mkilamba vidole na kukimbilia mpira, ketini kwanza msikilize. Mkialika wageni, pikeni chakula kimoja mnachokiweza, wala msijionyeshe. Mpikieni mgeni kitu ambacho mama yake angekitambua. Mwambieni mzee wa nyumba kilichomo sufuriani kabla hajasimama kuhutubu, hata kama hakuuliza. Na mzee huyo akiinua kikombe mbele ya mgeni wake, mtazameni usoni mpaka akishushe, kwa sababu hamjui anakunywa nini. Hilo nalitaka lishikwe, na atakayelisahau asiketi karibu na bakuli.